Subira ina bei

Tunapozungumza juu ya michezo ya pesa, sisi wasemaji wa Kiswahili tuna utajiri wa maneno ya bahati: bahati yenyewe, nasibu, sudi, kudra, nyota. Lakini kuna neno moja la kawaida kabisa, ambalo mama muuza mihogo sokoni hulitaja mara mia kwa siku, na ambalo sisi hulisahau mara tu karata zinapogawanywa. Neno hilo ni bei. Hoja yangu ni hii: mtu anayesubiri jambo lisilo na hakika hatuwezi kumwita mwerevu wala mjinga mpaka tujue analipa bei gani ili aendelee kusubiri. Na fakulte ya lugha ina kazi ya kufanya katika jambo hilo.

Mfano wangu nimeutoa mbali, Marekani, kwenye mchezo wa karata uitwao poka. Nimeuchagua kwa sababu humo swali la subira huulizwa kwa namba, waziwazi, kila baada ya dakika mbili tatu, na jibu lake hubadilika kufuatana na watu waliokaa mezani. Simwombi mtu yeyote aende kucheza. Namwomba msomaji ahesabu pamoja nami, kisha tuyarudie maneno yetu.

Mchezo wenyewe

Aina ninayoizungumzia ni Texas Hold'em ya dau lenye kikomo. Kabla ya televisheni kuueneza mchezo wa dau lisilo na kikomo mwanzoni mwa miaka ya 2000, hii ndiyo iliyokuwa ya kawaida katika kumbi za karata za California na Las Vegas. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa mara moja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kutokana na hizo saba, kila mmoja huunda mkono wake bora wa karata tano. Dau huwekwa katika mizunguko minne: kabla ya karata za mezani, baada ya zile tatu, baada ya ya nne na baada ya ya tano. Anayefuata hulipa sawa na aliyetangulia. Anayepandisha huongeza. Anayeacha hutupa karata zake, na yote aliyokwisha kulipa hubaki katika kitita.

Kikomo maana yake ni kwamba hakuna anayechagua ukubwa wa dau. Katika meza ya dola 4 na 8, dau la mizunguko miwili ya kwanza ni dola 4 kamili, na la mizunguko miwili ya mwisho ni dola 8 kamili. Kupandisha nako kuna mpaka, kwa kawaida mara tatu katika mzunguko mmoja. Tajiri hawezi kumwaga dola 200 mezani ili kumtisha maskini. Hilo tulikumbuke, maana hoja yote inasimama juu yake.

Sasa tuseme una kopa mbili mkononi, na katika karata tatu zilizofunuliwa mezani mna kopa mbili pia. Kwa sasa huna kitu. Hata mwenye jozi ndogo anakushinda. Ikitoka kopa moja zaidi utakuwa na kopa tano, na mkono wa namna hiyo hushinda mara nyingi. Huo ndio mkono wa kusubiri. Kopa zote ni 13, nne unaziona, kwa hiyo zimebaki 9 mahali fulani. Karata usizoziona ni 47. Karata inayofuata itakukamilisha mara 9 katika 47, yaani pungufu kidogo ya moja kwa tano. Ukiipanga kwa namna ya sokoni: utakosa mara 38 kwa kila mara 9 utakazopata, kama 4.2 kwa 1. Ukisubiri karata zote mbili zilizobaki, uwezekano wa kuipata kopa unafika karibu 35 kwa mia.

Swali ni lilelile kila mara: ulipe au uache?

Karata zilezile, meza mbili

Mtu wa kwanza atakujibu kwamba mwenye akili huacha. Atasema kwamba unafukuza kitu usichonacho, na kwamba anayeshinda ni yule mwenye mkono uliokwisha kukamilika. Mtu wa pili atakuambia usikilize moyo wako. Wote wawili wamejibu bila kuuliza bei.

Meza ya kwanza ina watu wagumu. Wote wametupa karata zao mapema, mmebaki wawili. Kitita kina dola 10. Mwenzako anaweka dola 4. Unatakiwa kulipa 4 ili kuwania 14, yaani 3.5 kwa 1. Wewe unahitaji 4.2. Rudia hali hii mara 47: mara 38 unapoteza dola 4, jumla 152, mara 9 unapata dola 14, jumla 126. Umepoteza dola 26. Kwa bei hiyo peke yake, subira ni hasara. Ili kuendelea unahitaji sababu nyingine, kwa mfano matumaini ya haki kwamba mwenzako ataogopa ukipandisha, au kwamba atakulipa tena ukishakamilika.

Meza ya pili ina watu walegevu. Walegevu ninawaita wale wasiopenda kuacha: wamekuja kufurahi, wanataka kuona karata, wanafuata dau kwa jozi ndogo, kwa karata moja kubwa, kwa tamaa tu. Watu sita wamelipa dola 4 kila mmoja, na kitita kina dola 24. Mmoja anaweka dola 4, watatu wanafuata. Zamu ikifika kwako kitita kina dola 40, nawe unatakiwa kulipa 4. Hiyo ni 10 kwa 1. Rudia mara 47: unapoteza zile dola 152, unapata mara 9 dola 40, yaani 360. Faida ni dola 208, zaidi ya dola 4 kwa kila mara uliyolipa dola 4.

Ni kweli nimerahisisha. Nimechukulia kwamba ukikamilika unashinda, na kwamba hakuna dau jingine litakalofuata. Nitayarudia hayo. Lakini tazama kilichobadilika kati ya meza hizi mbili. Karata ni zilezile. Uwezekano ni uleule, 9 katika 47. Moyo wako ni uleule. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliotia pesa, na kitendo kile kile kimegeuka kutoka ujinga kuwa hekima.

Hata mkono dhaifu zaidi hubadilika. Chukua mfululizo wenye pengo katikati, yaani una nne kati ya karata tano zinazofuatana na inakosekana moja ya ndani. Karata za kukukamilisha ni 4 tu katika 47. Utakosa mara 43 kwa kila mara 4, karibu 10.8 kwa 1. Katika meza ya wagumu, kulipia hilo ni kuchoma pesa. Katika meza ya walegevu ya 10 kwa 1, upungufu ni mdogo sana, na ukijua kwamba watu wawili watatu watakulipa dola 8 baada ya kukamilika kwako, huenda bei ikatosha. Ndiyo maana mwenye kupiga hesabu haulizi tu kilichomo katika kitita sasa. Huuliza pia kitakachoingia baadaye, na kitatoka kwa nani.

Fungu

Kuna hatua ya pili, na hapa ndipo wengi huona kana kwamba mambo yamepinduliwa. Katika meza ya walegevu, yule anayesubiri kopa wakati mwingine anatakiwa kupandisha dau, ingawa kwa wakati huo anashindwa na karibu kila mtu.

Hesabu yake ni fupi. Kila dola mpya inayoingia katika mzunguko ule, tuulize mambo mawili: nimetoa sehemu gani, na fungu langu katika kitita ni kiasi gani? Kama tuko watu watano tunaofuata, kila mmoja anatoa moja ya tano, 20 kwa mia. Lakini nitapata kopa kama mara 35 katika 100. Natoa 20, nafungua mkono kupokea 35. Tukiwa wawili tu, natoa 50 na fungu langu ni lile lile 35. Kupandisha ni hasara, isipokuwa mwenzangu ataacha. Tukiwa watatu natoa 33 na kidogo, nako ni karibu sawa kwa sawa. Kuanzia watu wanne, mkono wa kusubiri unapenda pesa iingie.

Kwa hiyo mikono miwili hutaka meza mbili tofauti. Mwenye jozi kubwa iliyokwisha kukamilika anataka watu wachache, kwa sababu kila anayebaki ni mdomo mwingine unaoweza kuula mkono wake. Mwenye kusubiri anataka kundi. Hapo ndipo yanapotoka malalamiko ya wachezaji wazuri dhidi ya walegevu: kwamba wanalipa pasipo haki, kisha wanashinda. Malalamiko hayo yana nusu ya ukweli. Mlegevu anayelipa vibaya anapoteza pesa kwa kweli, lakini pesa yake haiendi yote kwa mwenye mkono bora wa sasa. Sehemu yake humwendea anayesubiri kwa bei nzuri. Anayelalamika amekosa tu kutambua kwamba katika meza ile, fungu limehama.

Meza ya walegevu nayo ina malipo yake, na asiyeyataja anadanganya. Kwanza, vitisho havina kazi. Katika meza ya wagumu unaweza kushinda bila kopa, kwa kumfanya mwenzako aache. Mlegevu haachi. Ukikosa kopa kwenye karata ya mwisho, tupa karata zako kimya. Kumtisha mtu asiyeogopa ni kumwongezea chakula. Pili, si karata zote 9 zilizo safi. Kopa inayokukamilisha inaweza kufanana namba na karata iliyokwisha kuwa mezani, na kumpa mwingine tatu za namba moja pamoja na jozi, mkono unaozidi wako. Na kama kopa zako ni ndogo, katika kundi la watu sita huenda mwingine anasubiri kopa hizo hizo akiwa na kubwa kuliko zako. Kadiri kundi linavyokua, ndivyo inavyofaa kusubiri mkono ulio bora kabisa, si ule wa kukaribia. Tatu, mlegevu mkali anayependa kupandisha ni mtu mwingine kabisa kuliko mlegevu mpole. Ukilipa dola 4 ukidhani umemaliza, kisha mtu nyuma yako akapandisha, bei uliyoihesabu imekwisha kufa.

Na lile la kikomo: katika mchezo usio na kikomo, yule mwenye jozi kubwa angetazama kitita cha dola 40 na kuweka dola 40 nyingine. Wewe ungelazimika kulipa 40 ili kuwania 80, 2 kwa 1 tu, na karata inayofuata ingekukatisha tamaa kwa haki. Kikomo humnyang'anya mwenye nguvu uwezo wa kupanga bei. Ndiyo maana swali la mkono wa kusubiri dhidi ya walegevu ni swali la mchezo wa kikomo kabla ya yote.

Tumaini si hesabu

Mawazo haya hayakuzaliwa katika kumbi za karata. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha: pesa iliyowekwa igawanywe vipi kati ya wachezaji, ikiwa mmoja alikuwa ametangulia? Jibu lao lilikuwa kwamba tusigawe kwa yaliyopita; tugawe kwa yale ambayo yangeweza kutokea. Miaka mitatu baadaye Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kitabu kidogo juu ya hesabu hiyo. Mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern walipoandika kitabu chao kikubwa cha nadharia ya michezo na uchumi, poka ilipata sehemu yake humo. Na Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza katika jarida la Science kwamba Texas Hold'em ya kikomo kwa watu wawili imetatuliwa: programu yao, Cepheus, hucheza kwa namna ambayo maisha yote ya mtu hayatoshi kuonyesha upungufu wake.

Tazama lakini kwamba ni kwa watu wawili. Na programu hiyo imetengenezwa ili isishindwe na yeyote, si ili imtambue mlegevu na kupanga mkakati juu ya ulegevu wake. Meza ya watu sita wasiopenda kuacha bado inahitaji jicho la mtu anayejua kuwasoma wenzake.

Sisi wa fakulte hii tunapaswa kusimama kwenye maneno. Thamani ya wastani ya kitendo kinachorudiwa mara nyingi, zile dola 4 na zaidi tulizozipata hapo juu, Kifaransa huziita espérance. Ni neno lile lile la tumaini, la kanisani na la hospitalini. Mwanafunzi wa Kongo anayesoma hesabu kwa Kifaransa hujifunza kwamba espérance inaweza kuwa pungufu ya sifuri. Jaribu kuisema kwa Kiswahili cha nyumbani: "tumaini langu ni pungufu ya sifuri." Msikilizaji ataanza kukuombea. Kwa Kiswahili tunaweza kusema thamani tarajiwa, nayo ni afadhali kwa sababu imetanguliza thamani. Hata hivyo kutaraji, kwa asili yake ya Kiarabu, nako kumetoka katika familia ya kutumaini. Tumaini limeingia kila mahali.

Kuna neno jingine ambalo tumelipoteza tukiwa nalo mdomoni. Nasibu kwa Kiarabu ni fungu, sehemu iliyokuangukia. Katika Kiswahili tumeliambatanisha na bahati, tukapata bahati nasibu, na maana ya fungu imezama. Ni hasara, maana fungu ndicho kitu ambacho mchezaji wetu wa kopa alikuwa anakihesabu: 35 katika 100 za kitita kile ni zake hata kabla karata haijafunuliwa. Mtu akisema "nasibu yangu ni theluthi moja na kidogo" amesema jambo la hesabu. Akisema "bahati yangu ni nzuri" hajasema kitu.

Wala hili si deni la Kiswahili peke yake kwa lugha za Ulaya. Kopa, shupaza, pau, uru, turufu na karata yenyewe, maneno yote hayo yalitoka kwa Wareno, na Kiswahili kikayafanya yake kiasi kwamba mzee wa pwani anayacheza bila kufikiri juu ya Lisbon. Kwetu Kongo wengi huyataja hayo kwa Kifaransa, nalo si kosa. Lugha iliyoweza kumeza karata inaweza kumeza na hesabu yake. Kinachohitajika ni watu wa kuiandika.

Kibanda na kitita

Mtu ataniuliza: kwa nini jarida la wanafunzi wa lugha lijishughulishe na kamari? Kwa sababu wanafunzi wanajishughulisha nayo tayari. Vibanda vya pari viko katika miji yetu mikubwa, na vijana wanaopanga mechi kumi katika tiketi moja tunawafahamu kwa majina. Wakiulizwa, husema maneno ambayo yangesemwa na mchezaji wetu wa kopa: "Ninasubiri. Siku moja itatoka." Methali nayo iko tayari kuwaunga mkono, kwamba subira huvuta heri.

Kwa lugha ya bahati, watu hawa wawili ni ndugu: wote wanabahatisha. Kwa lugha ya bei, wanaenda njia mbili zinazopingana. Katika meza ya walegevu, bei nzuri hutengenezwa na makosa ya wachezaji wengine, nayo inaweza kuzidi ile unayohitaji. Katika kibanda, bei hupangwa na mwenye kibanda, naye huipanga chini ya ile ya haki, kwa kuwa ndiyo riziki yake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kwa kila mechi analipa 93 pale ambapo haki ingekuwa 100. Kwa mechi moja umekatwa 7. Ukiunganisha mechi tano, makato huzidishana: zinabaki karibu 70. Ukiunganisha kumi, zinabaki karibu 48. Tiketi inayoahidi kitita kikubwa kuliko zote ndiyo iliyokatwa kuliko zote. Kijana anaona ukubwa wa ahadi. Bei haioni, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuitaja.

Na hapa lazima nijibu pingamizi zito zaidi. Profesa wa maadili anaweza kusema kwamba hata mezani, faida ya mwenye hesabu ni hasara ya mlegevu, na kwamba nimesifu ustadi wa kuwala watu waliokuja kufurahi. Sikatai. Pesa haizaliwi juu ya meza ya poka; inahama tu, na mwenye ukumbi hukata ushuru wake katika kila kitita kabla haijahama. Kwa ushuru huo, wengi wa wanaojiona werevu nao hurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini pingamizi hilo linaitia nguvu hoja yangu. Ikiwa kuna mtu anayeliwa kwa sababu hajui bei, basi kumfundisha bei ni kumkinga. Katika kibanda cha pari, yule mlegevu asiyeacha, anayelipa bila kuhesabu, ni mwanafunzi mwenzetu. Upande wa pili wa dirisha kuna aliyehesabu.

Pingamizi la mwisho ni la wale wanaosema kwamba matokeo ndiyo hakimu: aliyeshinda alifanya vizuri, aliyeshindwa alikosea. Lugha yetu ya kila siku huegemea upande huo. Mkono wa kopa kwa 10 kwa 1 hushindwa kwenye karata inayofuata mara nne katika tano, nao ulikuwa uamuzi mzuri mara zote tano. Tiketi ya mechi kumi iliyolipa jana haikuwa uamuzi mzuri hata jana. Asiyeweza kuzisema sentensi hizi mbili bila kigugumizi atamsifu mwenye tiketi na kumcheka mwenye kopa, na kesho yake atamfuata yule aliyemsifu.

Kazi yetu

Kuna mahali ambapo jambo hili linazidi pesa. Neno letu hatari linabeba mizigo miwili: uwezekano wa baya kutokea, na ukubwa wa baya lenyewe. Tukiandika kwamba "hatari ni ndogo", msomaji hajui kama jambo litatokea mara chache au kama likitokea halitaumiza. Katika Kivu na Ituri, ambako maonyo ya ugonjwa, ya chanjo na ya volkano hufika kwa watu kwa Kiswahili, tofauti hiyo si ya mapambo. Mtafsiri anayejua kutenganisha uwezekano, madhara na bei ya kujikinga atamwezesha mama wa familia kuamua. Asiyejua atamwachia hofu au tumaini.

Napendekeza mambo matatu madogo. Katika somo la tafsiri, tupewe angalau mara moja kwa mwaka maandishi yenye namba za uwezekano, tuyatafsiri bila kukimbilia neno bahati. Katika kazi za mwisho wa masomo, mmoja wetu achunguze jinsi wachezaji wa karata na wa pari katika mji wake wanavyosema juu ya kulipa, kusubiri na kuacha. Nina hakika sokoni na vibarazani mna maneno mazuri kuliko haya niliyoyatumia. Na walimu wetu waketi na wenzao wa fakulte ya sayansi wakubaliane juu ya maneno machache: bei kwa uwiano wa unacholipa na unachowania, fungu au nasibu kwa sehemu yako ya kitita, thamani tarajiwa kwa wastani wa mara nyingi. Wakiona mengine yanafaa zaidi, wayatumie hayo, mradi yawe tofauti na bahati.

Methali ya subira tusiitupe. Tuiongezee swali tu, kama mnunuzi yeyote anavyouliza kabla ya kufungua pochi: subira hii, ni kiasi gani?